Ganzi ya Vidole Msimu wa Baridi: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi

Mchumaji wa majani chai anayeingia shambani alfajiri mwezi wa Julai anaijua hali hii: vidole vimekufa ganzi, vifungo vya koti havishikiki, na panga linaweza kumkata kabla hajahisi.

Wengi husema damu imeganda. Damu haijaganda. Mishipa ya damu husinyaa, ni kweli, lakini ganzi yenyewe kwa kiasi kikubwa ni habari ya neva, yaani mishipa ya fahamu.

Neva hupeleka ujumbe kwa umeme. Kwenye utando wake kuna vijilango vidogo mno. Vikifunguka, chembe za sodiamu huingia na mpigo wa umeme husonga mbele. Vijilango hivyo ni protini, na baridi huvichelewesha. Katika mkono wenye joto la kawaida, ujumbe husafiri takribani mita 50 hadi 60 kwa sekunde. Ngozi ikipoa kwa nyuzi moja tu, mwendo hupungua kwa mita 1.5 hadi 2 hivi. Ndiyo maana anayepima neva hospitalini huupasha mkono joto kwanza, la sivyo mkono mzima utaonekana mgonjwa. Baridi ikizidi sana, ujumbe hukatika kabisa.

Joto nalo lina yake. Vijilango hufunguka upesi na kujifunga upesi zaidi, hivyo mpigo huwa mfupi. Neva yenye afya huvumilia. Iliyopoteza ala yake huweza kushindwa. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza wagonjwa waliofifia macho kwa muda baada ya mazoezi ya mwili. Baadaye ilibainika kuwa joto la mwili ndilo chanzo.

Nyumbani, hatari ni jiko. Mkono wenye ganzi hauhisi kuungua, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni huweza kupata kidonda asijue. Tumia maji ya uvuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine ikiwa ni mgonjwa wa kisukari. (Na jiko la makaa lisilale chumbani, hilo mmeshaambiwa.)

Ganzi ya baridi huisha mkono ukipata joto. Isiyoisha, au inayoambatana na baka la ngozi lisilohisi mguso, ipelekwe kituo cha afya. Huenda ni kisukari, au ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure.