Kupima fundi mbele ya masini
Maneno ya kamati ya masomo kwa mukutano mukubwa wa wanachama, Lubumbashi



Tulitumwa tueleze namna gani tunawapima vijana wenye chama kinalipia masomo ya kukata chuma kwa masini yenye kuongozwa na ordinatere. Wengi wenu waliuliza: "Mutoto alimaliza shule, yuko na karatasi yake, mutihani mwingine tena wa nini?" Swali ni la haki, kwani franga ni zenu.

Kwanza tukumbushane kazi yenyewe. Wababa wenye walifanya kazi katika ateliye za Panda, kule Likasi, wanajua fundi wa zamani: mukono kwenye gurudumu, jicho kwenye kisu, sikio linasikiliza chuma. Leo masini nyingi zinasoma amri. Kijana anachora kitu katika programu, anachagua kisu, anaonyesha kisu kipite wapi, kisha programu inaandika mistari ya herufi na namba. G00 ni kwenda mbio bila kukata. G01 ni kukata kwa mustari ulionyooka. M03 inazungusha kisu, M05 inakisimamisha. Ni sawa na lugha moja karibu dunia nzima, lakini kila masini iko na lafuzi yake. Kwa hiyo faili lazima itayarishwe kwa masini yenye itaisoma.

Hapo ndipo hatari inaanza. Masini haina huruma. Ukiiandikia kushuka mbio ndani ya chuma, itashuka mbio ndani ya chuma. Kisu kinavunjika, kipande kinaruka, na mutu yuko karibu. Mutoto anaweza kujua kila kitufe cha programu, rangi zikapendeza kwenye ekra, na bado asijue sababu ya kufanya vile. Akiingia hivyo kwa ateliye inayotumikia migodi, akaharibu masini siku ya kwanza, atarudishwa nyumbani. Na mutoto mwingine wa mukimbizi akifika kesho na barua ya chama chetu, watasema: "Wale? Hapana." Ndiyo maana barua ya chama inafuata mutihani wetu.

Sasa tueleze mutihani. Uko na sehemu nne.

Sehemu ya kwanza ni karatasi, bila ordinatere. Tunampa kijana mchoro wa kipande cha chuma, na orodha ya visu vilivyo katika sanduku. Mchoro uko na shimo la mraba, na pembe zake za ndani zimezungushwa kwa nusu kipenyo cha milimita 4. Katika sanduku kuna kisu cha milimita 10 na kingine cha milimita 6. Mwenye kufikiri ataona kwamba kisu cha 10 kinaacha pembe ya milimita 5, basi hakiwezi kumaliza kazi. Atatumia kile kikubwa kuondoa chuma kingi, kisha kile kidogo kumalizia pembe. Programu haitamfikiria hayo. Tunaomba tena ahesabu mwendo. Kisu cha milimita 10, chuma laini, mwendo wa kukata wa metre 25 kwa dakika: kisu kizunguke karibu mara 800 kwa dakika. Kikiwa na meno 4, na kila jino likate milimita 0,05, masini isonge milimita 160 kwa dakika. Anayeandika 1 600 anakuwa amevunja kisu kwa karatasi, na hiyo haitugharimu kitu.

Sehemu ya pili ni ordinatere. Kijana anatayarisha kazi yote ndani ya programu: anaweka ukubwa wa chuma ghafi, mahali pa sifuri, urefu salama wa kupita juu ya vifungo, na utaratibu wa kazi. Kisha anaiangalia katika maigizo ya ekra. Tunatumia FreeCAD, kwani ni ya bure na mutoto anaweza kuendelea nayo nyumbani bila kununua ruhusa. Mwenye alijifunza programu nyingine anapewa siku za kuizoea kwanza. Tunapima fundi, hatupimi kumbukumbu ya vitufe.

Sehemu ya tatu vijana wanaiogopa, na sisi tunaipenda kuliko zote. Tunawapa mistari ya amri yenye makosa ndani, yenye tuliweka kwa makusudi. Mahali pamoja kisu kinashuka kwa G00. Mahali pengine M03 imesahauliwa, kisu kinaingia katika chuma bila kuzunguka. Pengine tumeandika G20 pahali pa G21, yaani inchi pahali pa milimita, na 10 ya mchoro inageuka milimita 254. Kijana atafute, aonyeshe kwa kidole, aeleze nini kingetokea. Mutu hawezi kukariri jibu la hapo. Anayeona makosa ya mwingine kabla ya kubonyeza kitufe cha kijani, huyo unaweza kumuachia masini.

Sehemu ya nne ni masini yenyewe. Tunakodi saa katika ateliye. Kwanza programu inapita hewani, kisu kiko juu, mukono wa kijana uko karibu na kitufe chekundu. Kisha kipande cha mbao. Mwisho chuma. Kikitoka tunakipima kwa chombo, si kwa macho. Na kanuni moja haina mjadala: mwenye anaanzisha masini bila miwani, au kabla ya kukagua sifuri na vifungo, anasimamishwa siku ile, hata kama alama zake zingine ni nzuri.

Wandugu, kuna jambo la lugha, na hili linatugusa sisi wenyewe. Kuna watoto wetu walikimbia kutoka Pweto katika 2017, wakaishi Mantapala, kule Zambia. Kule walisoma kwa Kiingereza. Familia zilianza kurudishwa mwisho wa 2021, na hapa shule inauliza kwa Kifaransa. Mutoto anajua kukata chuma, lakini neno la swali linamufungia mulango. Mwenzake mwenye hakutoka nchini anapata shida upande mwingine, kwani programu mara nyingi inaongea Kiingereza. Kwa hiyo maswali yetu yameandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na ekra iwekwe kwa lugha yenye kijana anachagua. Maelezo anaweza kuyatoa kwa Kiswahili. Hatumurahisishii kazi: kipimo cha chuma ni kilekile kwa wote, na majina ya vyombo kwa Kifaransa lazima ayajue, sababu ateliye itayatumia.

Tena kuna umeme. Ukikatika katikati ya mutihani, saa inasimama, na kijana anarudishiwa dakika zake. Lakini mwenye hakuhifadhi faili yake anaanza tena. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi katika nchi yetu.

Wapimaji ni wawili, na mumoja asiwe mwalimu wa kijana. Mwenye hakufaulu anaambiwa ni sehemu gani, anarudia ile tu, bila kulipa. Muzazi akitaka kuona karatasi, ataiona.

Sasa ombi letu. Katika mukutano huu kuna wazo la kukusanya franga tununue masini yetu wenyewe. Ni wazo la heshima. Lakini masini inaomba nyumba, umeme mzuri, visu, mafuta na fundi wa kuitengeneza kila mara. Tunaomba kwa sasa mukubali mambo matatu: saa za kukodi katika ateliye, visu na chuma cha mutihani, na betri za kulinda ordinatere. Wafadhili, tunaongea nanyi waziwazi: visu vinaisha, havipigwi picha nzuri, na hakuna anayekata utepe mbele yao. Bila visu hakuna fundi.

Wamama wenye munauza unga na makala ili mutoto asome, barua ya chama ni jasho lenu limeandikwa. Tusiitoe kwa mutu mwenye ataiaibisha, na tusimunyime mwenye anaistahili sababu tu ya lugha ya swali. Baba Mwenyekiti, tuko tayari kwa maswali, kisha wanachama wapige kura.