Tonge Lisilotafunwa na Sukari ya Mwilini

  Kama uko jikoni endelea na kazi yako, ongeza tu sauti ya redio kidogo.

Leo nataka tuzungumze juu ya kutafuna. Najua utasema, "Sista, hata kutafuna nifundishwe?" Lakini hebu kumbuka ulivyokula jana. Wengi wetu akina mama hula tukiwa tumesimama, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Ugali unafinyangwa tonge, unachovywa kwenye sukuma wiki, unateremka. Mimi mwenyewe nilizoea kula mbio tangu chuo cha uuguzi, na mpaka leo mume wangu huniuliza ni nani anayenifukuza.

Jaribu jambo hili. Chukua kipande cha ugali mtupu, ukitafune polepole kwa dakika moja bila kumeza. Utaona kinaanza kuwa kitamu, na hakuna aliyetia sukari. Mate yako yana kimeng'enya kiitwacho amilesi, na hicho ndicho kinachovunja wanga kuwa sukari. Kwa hivyo kazi ya kusaga chakula huanzia kinywani, si tumboni.

Wakati huo huo, ladha na kule kutafuna kwenyewe hupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo hulipasha kongosho. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo, na ndicho kinachotengeneza insulini. Bila kungoja sukari ipande katika damu, hutoa insulini kidogo mapema, kama mama aliyesikia wageni wako njiani akabandika birika la chai kabla hawajabisha hodi. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini itumike.

Kuna watu wakisikia hivyo husema, basi nikitafuna sana kisukari changu kitapona. Hapana, mama. Mwaka 1986 watafiti huko Uingereza waliwapa watu vyakula kama wali, viazi na mahindi. Walipovimeza bila kutafuna, sukari ilipanda kidogo kuliko walipovitafuna, kwa maana kipande kizima huchukua muda kuvunjwa. Mwaka 2005 Wajapani nao walichunguza kutafuna kwa makini. Wale ambao miili yao inamudu sukari vizuri walisaidika: insulini ilitoka mapema, na sukari ikawa chini baadaye. Lakini wale waliokuwa wakielekea kupata kisukari, sukari yao ilipanda zaidi. Kwa watu kama hao ile insulini ya mapema huwa imefifia. Wageni wamefika, na chai haijabandikwa.

Sasa usiniambie tumeze mawe. Kumeza bila kutafuna kunaweza kumkaba mtu, hasa mtoto na mzee. Tena anayekula mbio hula kingi, kwa sababu tumbo huchukua kama dakika 20 kuuambia ubongo kwamba limeshiba. Kufikia hapo sahani ya pili imekwisha. Faida kubwa ya kutafuna polepole ni hiyo ya kushiba mapema, na mwili usiozidi uzito huisikia insulini vizuri zaidi.

Nimeleta mada hii kwa sababu ya nyanya mmoja ninayemtembelea nyumbani. Ana kisukari, anadungwa insulini asubuhi na jioni, na anayemtunza ni mke wa mwanawe. Huyu mama anafuata kila neno tunalomwambia kliniki. Hata hivyo kipimo cha nyanya kilikuwa kinaruka kama panzi: leo 16, kesho 3.1. Watu wa nyumbani wakaanza kumnong'ona kwamba hajui kumdunga mzee, au anamnyima chakula. Siku niliyofika alilia mbele yangu.

Nikamwomba nyanya afungue kinywa. Magego yalikuwa yamebaki mawili, moja linalegea, na ufizi umevimba. Alikuwa anaona haya kusema. Siku nyingine alimeza githeri nzima nzima, siku nyingine alionja vijiko vitatu na kusema ameshiba, ilhali sindano ameshadungwa. Usiku njaa ikimshika alikuwa akiamka kunywa uji wenye sukari. Mkaza mwana hakuwa na kosa lolote, na nililisema hilo mbele ya wote sebuleni.

Mlezi, kama unatunza mtu anayedungwa insulini, kwanza hakikisha chakula kiko tayari na anaweza kukila, ndipo umdunge kwa muda uliopangiwa na kliniki. Asipomaliza chakula, usiseme ni kiburi cha uzee. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, kuchanganyikiwa au kuwa mkali bila sababu, sukari huenda imeshuka. Kipimo chini ya 4 ni hatari. Kama anaweza kumeza, koroga vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, anywe, kisha mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu kinywani, mkimbize hospitali.

Chakula cha asiye na meno kisiwe uji asubuhi, mchana na jioni. Uji hauhitaji kutafunwa, na sukari yake huingia kwenye damu haraka. Maharagwe au ndengu chemsha mpaka zilainike, uziponde. Sukuma katakata nyembamba sana. Mayai, parachichi na samaki aliyetolewa miiba hauhitaji magego. Mukimo pia ni mzuri, ila mboga na maharagwe viwe vingi kuliko viazi.

Na mboga ianze. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa watu 11 wenye kisukari chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na mboga na nyama, wanga ukafuata, sukari baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi moja. Hilo halihitaji pesa ya ziada, ni kumwambia mtu ale sukuma na maharagwe kwanza kabla hajaugusa ugali. Najua kwetu ugali bila mboga pembeni ni kama adhabu, kwa hivyo mwachie mboga kidogo ya kumalizia.

Dawa zisipunguzwe wala kuongezwa bila kliniki kujua.

Yule nyanya tulimpeleka kwa daktari wa meno, tukamweleza kwanza kwamba ana kisukari na anatumia insulini. Ufizi mbovu hupandisha sukari, na sukari nyingi huharibu ufizi, kwa hivyo usingoje jino liume. Gego lile liling'olewa, ufizi ukatibiwa. Wiki iliyopita kipimo chake cha asubuhi kilikuwa 7.4. Alinipokea mlangoni akanilalamikia kwamba mkaza mwana wake siku hizi anamhesabia dakika akila, hata habari za saa moja hazisikii vizuri.