Kamba, kuku na majirani wa Kibaha

Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, lakini mkazi wa Maili Moja bado anatoka nyumbani alfajiri kwenda kazini mjini na kurudi watoto wakiwa wamelala. Wa Kisarawe naye anateremka kuelekea Pugu na Gongo la Mboto, hali ni ileile. Jirani unamjua kwa mlio wa geti lake. Mnakutana msibani, chini ya turubai, ndipo unanong'ona: “Hivi marehemu alikuwa nani hasa?”

Mazoezi ya pamoja yangeweza kutukutanisha kabla ya msiba. Mwaka 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Vikundi vya kukimbia vipo. Ila kukimbia kunawapendelea wenye pumzi. Mama mwenye magoti mabovu anabaki kibarazani akipunga mkono.

Bonanza la mtaa, yaani michezo ya majirani kama kuvuta kamba na kukimbiza kuku, linampa nafasi. Mama huyo anaweza kuwa mwamuzi wa kuvuta kamba, tena mkali. Mhasibu wa Posta na fundi bodaboda wanavuta upande mmoja, wanaanguka pamoja, wanachekwa pamoja. Kuku akiachiwa uwanjani, hakuna anayeulizwa cheo.

Tatizo ni mgeni rasmi. Akialikwa, ratiba yote inamsubiri yeye, hotuba inakula saa nzima, na kamba inabaki kwenye gunia. Wenyeviti wa mitaa wajaribu bila yeye: Jumapili jioni, uwanja wa shule, kamba ya kukodi na kuku wawili wa kuchangiwa.