Kende likiuma gafula, usingoje asubui

Vijana wenzetu wa Kadutu, Ibanda na Bagira.

Leo hatuzungumuzie barabara wala umeme. Tunazungumuzia kitu chenye sisi wanaume tunaficha: maumivu ya makende. Tafazali, tusicheke.

Kende limetundikwa kwenye kamba, na damu inapita ndani ya ile kamba. Wakati fulani kende linajizungusha, kamba inajinyonga, damu inakatika. Inaweza kukukamata hata ukiwa mu usingizi, bila mutu kukupiga. Inakamata zaidi vijana wa miaka 12 mpaka 18, lakini hata wakubwa. Alama zake: maumivu makali ya gafula upande mumoja, kuvimba, kutapika, kende kupanda juu. Wengine wanasikia kwanza tumbo ya chini tu.

Hapo, hesabu masaa. Munganga akilifungua mbele masaa 6 yapite, mara nyingi linapona. Kisha masaa 24, mara nyingi limekwisha kufa, wanalitoa. Hakuna kidonge wala dawa ya miti yenye kufungua ile kamba; ni kupasuliwa. Kwa hiyo ikianza saa nane ya usiku, amusha baba, amusha yaya, muende. Usikule kitu njiani, sababu wanaweza kukulaza usingizi. Hata maumivu yakitulia yenyewe, enda tu: inaweza kurudia.

Kuko mengine. Kama inauma pole pole, siku kwa siku, na homa, mukojo unachoma ao usaha unatoka, inaweza kuwa ambukizo, hata la zinaa. Usibahatishe na antibiotiki za farmasi. Pimwa, na mupenzi wako atunzwe pia. Ukianguka na pikipiki ao kupigwa na mupira, na kisha saa moja maumivu hayapunguke, enda. Na kivimbe kigumu chenye hakiume, kionyeshe munganga: kinaweza kuwa kansa, na ikionekana mapema mara nyingi inapona.

Muji wetu ulishajifunza kuvunja kimya. Toka 1999, wamama waliingia Panzi na vidonda vyenye watu walikataa kutaja. Wao wakavitaja, mpaka dunia ikasikia, na mwaka 2018 Daktari Mukwege akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mateso yao hatuwezi kuyalinganisha na haya yetu. Lakini kama wao walipata nguvu ya kusema, sisi tunashindwa namna gani kusema "kende linaniuma"?

Na kwa wale wenye kuongoza mahospitali, tunaomba wazi: mugonjwa wa haraka apokelewe kwanza, mambo ya feza yafuate. Masaa 6 hayawezi kuishia kwenye dirisha la kulipia.

Na sisi kwa sisi: rafiki akikuambia inamuuma, usimucheke. Ita motari, panda naye, mufike.

Tuko pamoja.