Eli Alimsikiliza Mtoto
(Jumapili ya Pili ya Mwaka B)



Somo la kwanza la Jumapili ya leo latusimulia habari za kijana Samweli, aliyelala hekaluni akasikia anaitwa usiku. Mara tatu aliamka akamkimbilia mzee Eli, akidhani kuwa ndiye aliyemwita. Tumezoea kumsifu Samweli. Leo nataka tumtazame Eli. Macho ya mzee huyu yalikuwa yamefifia, wanawe mwenyewe walikuwa wamemshinda, tena ameamshwa usingizini mara tatu kwa jambo asilolijua. Angeweza kumfukuza mtoto. Angeweza pia kusema, "Naam, ni mimi niliyekuita, nenda kateke maji." Hakusema hivyo. Alitambua kwamba mtoto anaitwa na Mwingine, akamfundisha namna ya kuitika, akamrudisha kitandani. Kazi ya mzee ilikuwa hiyo tu, nayo ilikuwa kubwa.

Somo hili hutujia mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, na vijana wetu wa Ufipa wanabeba masanduku yao ya bati kwenda kuanza kidato cha kwanza. Wengine hawaendi. Na hapa, ndugu, yatupasa tuseme ukweli ambao kila mwalimu mkuu anaujua. Wapo wazazi wanaomnong'oneza mtoto wa darasa la saba aandike majibu ya uongo katika mtihani, ili asichaguliwe. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, daftari, chakula na chumba cha kupanga karibu na shule havikuondolewa. Tena ng'ombe wahitaji mchungaji, na yupo mtu aliyekwisha kupeleka posa kwa binti. Basi mtoto mwenye akili njema huketi mbele ya karatasi, anajua jibu, akaandika jingine, kwa sababu amefundishwa kumtii baba.

Huyo baba amejifanya sauti iliyomwita Samweli. Sitatafuta neno laini: huo ni wizi, na aliyeibiwa hawezi hata kushtaki. Umaskini naufahamu, wala simhukumu mtu kwa kukosa fedha. Mwenye kukosa na aje aseme, kwa jumuiya yake ndogo ndogo, kwa mwalimu, kwa paroko. Mara nyingi njia hupatikana. Mtihani ulioharibiwa kwa makusudi haurudi.

Yupo pia mzazi wa namna nyingine, yule mwenye uwezo, aliyekwisha kuamua kwamba mwanawe atakuwa daktari. Huyu tunamsifu mno. Lakini naye hajamuuliza mtoto neno.

Katika mafundisho ya kipaimara nimezoea kuwauliza vijana wanataka kazi gani. Majibu ni yale yale: mwalimu, muuguzi, askari, dereva, padre au sista. Ni kazi njema zote. Lakini ndizo kazi wanazoziona zikipita kijijini. Mkoa wetu waishi kwa mahindi, maharage, ulezi na alizeti, wala sijasikia mtoto akisema atakuwa mtaalamu wa mbegu, fundi wa mashine za kukamua mafuta, mpima ardhi, au mtunza hesabu wa chama cha ushirika. Mtoto hawezi kuchagua asichopata kukiona.

Babu zetu walilijua jambo hili. Mabaki ya malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yangali yakionekana katika nyanda zetu. Kazi ile ilidai mtu mwenye kujua udongo, mawe, makaa na upepo. Kijana aliipata kwa kusimama kando ya fundi, akitazama na kubeba, hadi siku aliyoaminiwa moto. Leo tumefika mahali ambapo mtoto akishika nyundo tunasema ameshindwa shule! Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umefungua katika baadhi ya sekondari mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, na tayari nasikia watu wakiuita jalala la wasio na akili. Wanasema hivyo halafu wanakwenda kanisani kumwabudu Yeye ambaye majirani zake wa Nazareti walimjua kama seremala.

Sasa itazameni Injili ya leo. Wanafunzi wawili wa Yohane wamwuliza Yesu anakaa wapi. Hakuwapa maelezo; aliwaalika waende wakajionee, nao wakashinda kwake siku ile. Yohane akumbuka hata saa, kwamba ilikuwa yapata saa kumi. Kijana naye hukumbuka hivyo siku ya kwanza aliyosimama ndani ya karakana au maabara.

Ninyi makatekista mnaye ndugu yenu, Adriano Atiman. Alitekwa angali mtoto katika nchi za mto Niger, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Kadinali Lavigerie alitaka vijana kama huyu wapewe utaalamu kamili kabla ya kutumwa, kwa hiyo Atiman alipelekwa kisiwani Malta kusomea uganga. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akawa daktari na katekista huko mpaka kifo chake mwaka 1956. Hesabuni miaka hiyo. Hakuna aliyemwambia achague ama dawa ama Injili.

Basi nawaomba jambo moja, wazazi na makatekista. Mwisho wa kidato cha pili kijana huchagua masomo, naye mara nyingi huyaacha Fizikia na Kemia kwa sababu tu rafiki zake wameyaacha. Binti anayetamani uuguzi hajui kwamba chuo kitamdai ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia. Anakuja kujua baada ya kidato cha nne. Kaeni naye kabla ya siku hiyo. Mwulizeni ni kazi gani huifanya bila kutumwa, na ni nani anayeifanya kwa ustadi hapa karibu. Kisha mpelekeni kwa mtu huyo, iwe ni zahanati, gereji, ofisi ya kilimo au chuo cha VETA, akashinde huko walau siku moja ya likizo. Katekista anayemjua fundi mwaminifu amwalike baada ya Misa, aje na zana zake, na watoto waachwe wazishike.