Sufuria moja kwa wagonjwa na wazima

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa mutualite na kikundi cha bamama wapishi, Baraka



Kamati imetuomba tuseme juu ya chakula tunachopika pamoja: chakula cha kilio, cha salongo, na cha kupokea wenzetu wanaorudi kutoka Tanzania. Sisi tunaotembea vijijini kwa kazi ya afya tunaona jambo moja kila mara. Mwenye tansio amekatazwa chumvi na munganga. Anafika kwenye kilio, anakuta kila kitu kimekwisha kuungwa. Akule, ama abaki na njaa. Wengi wanakula juu ya haya. Mwenye sukari naye anajificha, hapendi watu waseme huyu anachagua chakula cha watu. Wengine wameacha kabisa kuja. Mutualite ambayo mgonjwa anaogopa kukaa kwenye chakula chake, inamsaidia nani?

Kule Nyarugusu kipimo cha PAM kilikuwa kimoja kwa wote: unga wa mahindi, maharage ama mbaazi, mafuta, chumvi. Hakuna aliyeuliza unapenda nini. Hapa tuko na ziwa, tuko na lengalenga, matembele, sombe, samaki wa leo asubuhi. Nafasi ya kuchagua imerudi. Na hatuhitaji sufuria ya pili. Tunahitaji kubadilisha namna ya kuunga, namna ya kugawa, na saa ya kugawa.

Tuanze na tansio. OMS inasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kisichojaa kilima, tena kwa chakula chote cha siku nzima. Sasa hesabuni: chumvi ya mboga, makayabu, na vile viungo vya kubu vinavyofungwa kwa karatasi ndogo. Kubu sehemu yake kubwa ni chumvi. Mama akitia kubu nne halafu akaongeza chumvi, ametia chumvi mara mbili.

Fanyeni hivi. Maharage na mboga viive bila chumvi, na vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi kidogo. Vikiiva, toeni kwanza sehemu ya wasiotaka chumvi, muifunike kando. Nyuma ya hapo ndipo mtie chumvi kwa sufuria kubwa. Ndimu ikamuliwe juu ya sahani, inaamsha ladha vizuri. Makayabu ilale ndani ya maji usiku mzima, maji yabadilishwe mara mbili ama tatu, na isiongezwe chumvi tena. Hata hivyo chumvi haiishi yote. Kwa mwenye tansio, samaki mbichi ama ndagala zilizoanikwa bila chumvi ni bora. Mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwa chupa.

Tuje kwa sukari. Wengi wanafikiri ugonjwa huu ni wa kuacha sukari nyeupe tu. Mtu anakunywa chai kavu, anafurahi, kisha anakula mlima wa bugali. Muhogo hauna utamu mdomoni, lakini ndani ya damu unageuka sukari. Mahindi, mchele, viazi na ndizi ni vilevile. Hatusemi bugali ni sumu. Tunasema kipimo. Sahani ya mwenye sukari tuigawe hivi: nusu mboga za majani, robo bugali, robo maharage ama samaki. Bugali iwe kama ngumi yake mwenyewe. Sisi tunaandaaka kinyume: bugali inajaza sahani, mboga inakaa pembeni sawa mgeni. Kwa kinywaji, maji. Fanta, juisi na asali, yote tuhesabu kuwa sukari.

Sahani hiyo haimfai mgonjwa peke yake. Mzima akila hivyo hapotezi kitu.

Jambo la tatu ndilo tunaloliogopa zaidi: saa. Kuna dawa za sukari, kama insulini na glibenklamide, zinazoshusha sukari hata kama mtu hajakula. Mtu amemeza dawa asubuhi, anajua saa sita atakula kwenye kilio. Hotuba zinaendelea, wakubwa wanangojewa, chakula kinatoka saa tisa. Hapo anaanza kutetemeka, jasho linamtoka, kizunguzungu, maneno yanapotea. Watu wanasema amelewa, ama ni huzuni. Hapana. Sukari imeshuka, na inaweza kumuua siku hiyohiyo.

Kama bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vidogo vitatu ama vine vya sukari ndani ya maji. Mngojee dakika 15. Asipopata nafuu, mrudilie. Akipata nafuu, mpeni chakula. Kama amezimia, msimwagie kitu mdomoni, kitaingia kwa pumzi. Mlazeni ubavu na mumkimbize kwenye kituo cha afya.

Kwa hiyo wenye dawa wagawiwe mbele ya wote, hata mbele ya chifu na mchungaji. Hiyo si kukosa heshima. Na hapa tuseme pia juu ya kufunga na kuomba. Hatukatazi mtu maombi. Lakini mwenye sukari amwambie munganga mbele ya kufunga, si nyuma. Vilevile yule ambaye nyumbani kwake kunapikwa mara moja tu kwa siku. Tunajua wako wengi, tangu tumerudi mashamba hayajatoa vizuri. Msione haya kumwambia munganga: "Mimi ninakula mara moja." Anaweza kupanga dawa kufuatana na hali hiyo. Kuacha dawa wewe mwenyewe ama kuikata nusu, hapana. Chakula kinasaidia dawa, hakichukui nafasi yake.

Kuna wale ambao maneno haya hayawatoshi. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kukatazwa hata maharage, ndizi na majani mengi. Huyo afuate karatasi ya munganga wake. Na mwenye kifua kikuu, ama aliyekonda, asipunguziwe kitu. Huyo aongezewe samaki na maharage, mwili wake unajenga upya.

Tunapendekeza kamati ikubali mambo matatu. Kwanza, kila timu ya wapishi iwe na mama mmoja wa kushika sehemu isiyo na chumvi. Pili, wakati wa kugawa, aulize tu kwa sauti: "Nani anataka isiyo na chumvi? Nani anahitaji kula sasa?" Asiulize ugonjwa. Mtu ana haki ya kuficha ugonjwa wake, lakini asilazimike kuficha njaa yake. Tatu, sukari kidogo na maji safi viwe karibu siku zote, na watu wawili wajue namna ya kuvitumia.

Hayo yote hayaongezi mchango wa mwanachama hata franga moja. Chumvi tutatumia kidogo kuliko zamani. Jumamosi iko salongo ya barabara, na bamama wamekwisha kununua maharage. Tunaomba tuanzie hapo.