Ubao Mikononi mwa Fundi



Sisi wa Kitui na Makueni twajua kuchonga. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, Mutisya Munge wa Wamunyu alirudi kutoka Tanganyika na ufundi wa vinyago, ukaenea Ukambani. Kwa hiyo tutamwelewa fundi wa gita lenye kifua kilichobinuka. Yeye hapindi ubao mwembamba. Huchukua ubao mnene, akauchonga kidogo kidogo kwa patasi, huku akiugonga kwa kidole na kutega sikio. Ukibaki mnene, gita huwa bubu. Ukipunguzwa mno, nyuzi zikikazwa utapasuka.

Ndugu, kiangazi kimetupunguzia ng'ombe, na mauti yamepunguza watu mezani petu. Wengine wetu tumelia usiku, “Mungu, mbona wazidi kukata?” Tusome Yohana 15:2. Mwenye kushika patasi ametega sikio. Anajua sauti anayoitafuta, na anajua mahali pa kuacha.

Na tuombe: Bwana, usituweke chini kabla hatujaimba. Amina.